Msalaba wa Ncha Nane, Kutoka Yerusalemu Hadi Parliament Road

Karibu na majengo ya Bunge la Kenya, katikati ya Nairobi, pana njia fupi inayochepuka kutoka Parliament Road. Jina lake ni St John's Gate. Wengi wanaopita hapo wakikata njia kuelekea KICC huijua kwa jambo moja tu: ndipo yalipo makao makuu ya St John Ambulance, na ndipo makampuni yanapopeleka wafanyakazi wao kusomea huduma ya kwanza. Ubavuni mwa ambulensi na kwenye sare ya kila mhudumu pana msalaba mweupe ambao mikono yake ni myembamba katikati na mipana pembeni, na kila mkono umepasuliwa mwishoni, hivyo kwamba ukihesabu utapata ncha nane.

Ni wachache wanaouliza ulikotoka. Wengine hudhani ni nembo ya hospitali kama zilivyo nembo nyingine. Wapenzi wa visa vya Freemason nao watakuapia kwamba ni alama ya siri. Si hiki wala kile. Ni alama ya shirika la watawa waliowahi kubeba panga, shirika lililokuwa na ngome, merikebu na mashamba karne nyingi kabla treni haijafika Nairobi mwaka 1899. Historia yake ina damu nyingi kuliko wahudumu wenyewe wanavyopenda kuisimulia, na ina wema mwingi kuliko maadui wake walivyokuwa tayari kukiri.

Mambo yalianza Yerusalemu, tena kabla ya Vita vya Msalaba. Katika karne ya 11 wafanyabiashara wa Amalfi, mji wa pwani ya Italia uliokuwa na biashara kubwa na Misri, walijenga nyumba ya kuwapokea mahujaji Wakristo karibu na Kanisa la Kaburi Takatifu. Mji ulikuwa chini ya Waislamu, na nyumba ilijengwa kwa idhini yao. Jambo hili lafaa kukumbukwa, maana wengi huanza hadithi hii na majeshi ya Ulaya, ilhali ilianza na biashara, ruhusa na mgonjwa anayehitaji mahali pa kulala. Nyumba hiyo ya wagonjwa ikapewa jina la Mtakatifu Yohana, na msimamizi wake akawa mtu aitwaye Gerard, ambaye habari za ujana wake hazijulikani sana lakini kazi yake iliwashinda wafalme kwa kudumu.

Julai 1099 wapiganaji wa msalaba waliutwaa mji na kuwachinja Waislamu na Wayahudi waliowakuta humo. Gerard alikuwa bado na wagonjwa wake. Washindi walioponea hospitalini kwake waliporudi kwao walimkumbuka, wakaitolea hospitali mashamba, vinu na mapato ya vijiji huko Ufaransa, Italia na Hispania. Tarehe 15 Februari 1113 Papa Paskali wa Pili alitoa hati ya kuitambua rasmi hospitali hiyo kuwa shirika la kitawa, lenye haki ya kujichagulia mkuu wake. Gerard alifariki mwaka 1120.

Tukae kidogo ndani ya hospitali yenyewe, maana ndiyo kiini cha habari yote. Mwaka 1182, chini ya mkuu aliyeitwa Roger de Moulins, watawa waliandika kanuni ambazo bado zipo na zinasomeka. Ziliamuru waajiriwe madaktari wanne wenye ujuzi wa kupima mkojo na kuchanganya dawa. Vitanda viwe virefu na vipana kadiri mtu anavyoweza kulala kwa raha, na kila kitanda kiwe na shuka zake. Kila mgonjwa apewe joho la ngozi ya kondoo na viatu vya kwendea chooni na kurudi, na kofia ya sufu. Zitengenezwe susu ndogo kwa ajili ya watoto wanaozaliwa na mahujaji wanawake, ili mtoto alale peke yake asije akaumia kitandani mwa mama yake. Mtu aliyeandika hivyo alikuwa amewahi kumwona mgonjwa akitetemeka njiani kwenda msalani usiku, na huenda alikwisha kumzika mtoto mchanga. Kanuni kama hizi hazitungwi na mtu aliyekaa mbali na wodi.

Mahujaji waliopita hapo wanasema walikuta wagonjwa zaidi ya elfu moja, wengine wakasema elfu mbili. Watawa waliwaita wagonjwa mabwana zao, na wao wakajihesabu watumishi. Andiko moja la karne hiyo hiyo ya 12 lasema Waislamu na Wayahudi pia walipokelewa, na aliyeichukia nyama ya nguruwe alipewa kuku. Wala haikuwa elimu ya Ulaya peke yake. Huko Damascus, safari ya siku chache kutoka hapo, mtawala Nuruddin alijenga mwaka 1154 hospitali iliyokuwa na madaktari, maktaba na dawa, katika desturi ya bimaristani, yaani hospitali za Kiislamu, iliyokuwa imekomaa Baghdad na kwingineko siku nyingi. Watu waliokuwa wakipigana mchana walitazamana pia, na kila mmoja akajifunza kwa mwenzake bila kukubali hadharani.

Basi ilikuwaje watu wa shuka na susu wakawa askari? Kidogo kidogo, kama mambo mengi mabaya yanavyokuja. Njia kutoka bandarini hadi Yerusalemu zilikuwa na wanyang'anyi, na hospitali ikawapa mahujaji walinzi. Walinzi walihitaji farasi, farasi wakahitaji ngome. Mwaka 1136 mfalme wa Yerusalemu aliwakabidhi ngome ya Beit Jibrin, na mwaka 1142 wakapata Krak des Chevaliers nchini Syria, ngome ambayo hadi leo imesimama juu ya kilima na ambayo watalii huiita moja ya ngome nzuri kuliko zote duniani. Raymond du Puy, aliyemrithi Gerard, ndiye aliyesimamia mageuzi hayo. Shirika likawa na watu wa aina tatu: makasisi, wahudumu wa wagonjwa na askari farasi wa ukoo bora waliokula kiapo cha kitawa. Jirani zao, Askari wa Hekalu, walianza kama askari moja kwa moja na hawakuwa na wodi ya kuwashughulisha. Tofauti hiyo ilionekana ndogo wakati ule.

Julai 4 mwaka 1187, mlimani Hattin karibu na Ziwa la Galilaya, jeshi la wapiganaji wa msalaba lilizingirwa na Sultani Salahuddin Ayyubi likiwa limekauka kwa kiu. Salahuddin aliwatendea baadhi ya mateka kwa ungwana, ila watawa wa mashirika haya mawili aliwanunua kutoka kwa askari wake kwa dinari 50 kila mmoja, akaamuru wakatwe vichwa. Aliwaona kuwa ndio hatari kuliko wote, kwa kuwa hawakuwa na mke wala shamba la kurudia. Miezi mitatu baadaye, Oktoba 2, Yerusalemu ilisalimu amri kwake bila machinjo. Na Salahuddin huyu huyu akaruhusu watawa wachache wa hospitali wabaki mjini kwa muda wawauguze wagonjwa wasioweza kusafiri. Mwanahistoria akitaka kulieleza shirika hili lote kwa matukio mawili, hayo yanatosha: mwenye upanga alikatwa kichwa, mwenye bendeji akaachwa aendelee na kazi.

Karne iliyofuata ilikuwa ya kurudi nyuma. Acre, mji wao wa mwisho, ulianguka mwaka 1291, wakahamia Cyprus, kisha kufikia 1310 wakawa wameteka kisiwa cha Rhodes. Wenzao wa Hekalu hawakuwa na bahati. Ijumaa, Oktoba 13, 1307, Mfalme Philip wa Nne wa Ufaransa, aliyekuwa na deni kubwa kwao, aliwakamata kwa mashtaka ya uzushi na kuwatesa hadi wakakiri. Mwaka 1312 Papa alilivunja shirika lao, na mali yao kwa sehemu kubwa ikapewa watawa wa hospitali. Kila uzushi unaosikia leo kuhusu hazina iliyofichwa na siri za Askari wa Hekalu unatoka katika kesi hiyo, na chanzo chake hakina muujiza wowote. Mfalme alikuwa na deni.

Si kila nchi ilikubali kuwatupa Askari wa Hekalu. Nchini Ureno Mfalme Dinis aliwapa jina jipya mwaka 1319, Shirika la Kristo, na kuliachia mali ileile. Mwaka 1420 mwana wa mfalme aitwaye Henrique ndiye aliyekabidhiwa uongozi wake, na mapato ya shirika yakalipia safari za kuizunguka Afrika. Hapa ndipo historia ya mashirika haya inapotua pwani yetu, miaka 400 kabla ya kufika Nairobi. Merikebu za Vasco da Gama zilizoonekana Mombasa Aprili 1498, kisha zikapokelewa vizuri Malindi, zilikuwa na msalaba mwekundu wa Shirika la Kristo kwenye matanga. Mwaka 1505 Mreno Francisco d'Almeida aliiteka Kilwa na kuichoma Mombasa. Mwaka 1593 ujenzi wa ngome yao ya Mombasa, Fort Jesus, ulianza.

Na miongoni mwa watu waliovaa msalaba huo pwani, mmoja alikuwa Mswahili. Yusuf bin Hasan alizaliwa katika ukoo wa kifalme wa Malindi ambao Wareno waliupa Mombasa. Baba yake, Sultani Hasan, aliuawa mwaka 1614 kwa njama ya Wareno, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mtoto naye alipelekwa hukohuko Goa, akalelewa na watawa wa Mtakatifu Augustino, akabatizwa Dom Jerónimo, akajifunza mizinga, akafanywa mwanachama wa Shirika la Kristo. Mwaka 1626 alirudishwa Mombasa awe mfalme. Hebu mfikirie: mfalme kwa jina, chini ya kapteni wa ngome anayemdharau, akivaa kifuani msalaba wa watu waliomuua baba yake. Agosti 16, 1631 aliingia Fort Jesus, akamchoma kisu kapteni Pedro Leitão de Gamboa, akajitangaza tena Mwislamu. Wakristo waliokataa kusilimu waliuawa, Wareno na Waafrika pia. Jeshi lililotumwa kutoka Goa mwaka uliofuata lilishindwa kuitwaa ngome. Yusuf mwenyewe aliihama baadaye mwaka huohuo, akageuka haramia baharini, akafa mwaka 1638 upande wa Bahari ya Shamu. Sijui Mswahili mwingine aliyewahi kuyajua mashirika haya kutoka ndani kiasi hicho, na jibu alilotoa linajulikana.

Watawa wa hospitali hawakufika pwani ya Mombasa. Walikuwa na shughuli zao katika Bahari ya Kati. Mwaka 1522 Sultani Suleiman wa Waosmani aliizingira Rhodes kwa miezi sita, na siku ya kwanza ya 1523 waliondoka kwa heshima ya mapatano. Mwaka 1530 Mfalme Karolo wa Tano aliwapa kisiwa cha Malta kwa kodi ya ndege mmoja wa kuwindia kila mwaka, na ndipo msalaba wao ukajulikana kama msalaba wa Malta. Mwaka 1565 walistahimili mzingiro mkubwa wa Waosmani, chini ya mkuu wao mzee Jean de Valette, ambaye mji mkuu wa Malta, Valletta, umepewa jina lake. Huko walijenga hospitali iliyosifika kwa wodi yake ndefu na vyombo vya fedha vya kulishia wagonjwa. Huko pia waliendesha merikebu za makasia zilizowinda meli za Waislamu, na wapiga makasia wengi walikuwa mateka waliofungwa minyororo. Valletta ilikuwa na soko la watumwa. Kwenye vitabu vya kusifu shirika hili sura hiyo huwa fupi sana. Kwetu sisi, ambao biashara ya watumwa ya Bagamoyo na Unguja tunaikumbuka, haifai kuwa fupi. Hospitali ya sahani za fedha iliendeshwa na watu walewale waliouza binadamu, na Juni 1798 Napoleon alipowafukuza Malta akiwa njiani kwenda Misri, aliwaacha huru watumwa wa kisiwa hicho.

Kutoka hapo shirika lilitawanyika. Tawi la Kikatoliki lilitulia Roma mwaka 1834, ambako bado lipo kama dola isiyo na ardhi. Lina uhusiano wa kibalozi na Kenya, na shirika lake la misaada, Malteser International, lina ofisi Nairobi. Lakini ambulensi za Parliament Road zimetoka upande mwingine, Uingereza.

London watawa walikuwa na nyumba Clerkenwell tangu miaka ya 1140. Wananchi hawakuwapenda: katika maasi ya wakulima ya 1381 nyumba ile ilichomwa, na mkuu wake, Robert Hales, aliyekuwa pia mtunza hazina ya mfalme na mdai wa kodi, alikatwa kichwa. (Mkenya wa miaka hii haambiwi mara mbili jinsi hasira ya kodi inavyoweza kumfikia mtu.) Ikajengwa upya, na mwaka 1504 likajengwa lango kubwa la mawe linaloitwa St John's Gate, ambalo lingalipo. Mwaka 1540 Mfalme Henry wa Nane alilifuta shirika na kuchukua mali. Kwa sehemu kubwa ya miaka 300 iliyofuata hapakuwa na kitu. Shirika la leo la Uingereza lilifufuliwa na Waprotestanti mwaka 1831 bila kibali cha Roma, na Malkia Victoria akalipa hati mwaka 1888. Ndiyo kusema, si mtoto halali wa watawa wa Yerusalemu kwa hesabu za ukoo. Ni mjukuu aliyejitaja mwenyewe, na ni mwaka 1963 tu ndipo pande mbili zilipotoa tamko la kutambuana.

Uhalali huo unawahangaisha waandika nasaba. Mimi naona wajukuu hawa walifanya jambo ambalo wazazi hawakuwahi kulifikiria. Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa nchi ya migodi, reli na viwanda, na watu walikufa kila siku kwa majeraha ambayo yangezuilika endapo jirani yao angejua kufunga kitambaa juu ya mshipa unaovuja. Mwaka 1877 shirika lilianzisha chama cha kuwafundisha watu wa kawaida. Mwaka 1882 lilifungua hospitali ya macho Yerusalemu, ambayo hadi leo inawatibu Wapalestina. Mwaka 1887 likaanzisha kikosi cha wahudumu wenye sare. Mmoja wa waliotunga masomo ya kwanza alikuwa daktari wa jeshi, Peter Shepherd. Hakuona kitabu chake kikichapishwa. Alitumwa Afrika Kusini, na Januari 22, 1879 aliuawa Isandlwana, siku ambayo Wazulu waliwashinda Waingereza. Kitabu cha huduma ya kwanza kilichoanza safari ya kufundisha dunia kiliandikwa na mtu aliyekufa katika vita vya kuwanyang'anya Waafrika nchi yao. Ukilitafuta jambo la kuudhi katika historia hii, hilo halina haja ya kutiwa chumvi.

Kenya ilipata St John mwaka 1928, koloni likiwa na umri wa miaka minane kwa jina hilo. Nairobi ya wakati ule iligawa hata magonjwa kwa rangi: Wazungu na hospitali yao, Waafrika na hospitali iliyoanzishwa mwaka 1901, ambayo baadaye iliitwa King George VI na leo ni Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Msalaba wa ncha nane ulikuja na watawala, ukakaa karibu na ofisi zao. Uhuru ulipofika 1963 alama nyingi za namna hiyo zilishushwa. Hii haikushushwa. Shirika likapata sheria yake ya Bunge la Kenya, likawachukua Wakenya wa dini zote, na kazi ikaendelea: wahudumu wa kujitolea viwanja vya mpira, Nyayo na Kasarani, mikutano ya Uhuru Park, mbio, maandamano, misiba ya kitaifa.

Darasa lao halina utukufu wowote. Watu wamepiga magoti sakafuni, mbele ya kila mmoja sanamu la mpira lenye kifua na kichwa. Mkufunzi anasisitiza viganja viwekwe katikati ya kifua, viwiko visipinde, kifua kibonyee sentimita tano hadi sita, mara 30, kisha pumzi mbili, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika. Baada ya dakika mbili mtu mwenye afya anatokwa jasho. Kisha bendeji ya pembetatu: inakunjwa kuwa mkanda, inakuwa kombeo la mkono, inafunga kichwa, inashikilia gango la mguu. Wanafunzi hucheka wakifungana. Wanaacha kucheka mkufunzi anapowaambia wafikirie mtoto badala ya sanamu.

Agosti 7, 1998, kabla ya saa tano asubuhi, lori lenye bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani, pembeni mwa Moi Avenue na Haile Selassie Avenue. Jengo la Ufundi lililokuwa jirani lilianguka. Watu 213 walikufa na maelfu wakajeruhiwa, wengi kwa vioo, kwa kuwa waliposikia mlio wa kwanza walikimbilia madirishani. Kutoka St John's Gate hadi hapo ni mwendo mfupi wa miguu, na wahudumu wa St John walikuwa miongoni mwa waliofika. Lakini ambulensi za mji mzima hazikutosha hata kidogo. Majeruhi walibebwa kwa matatu, pikapu na magari ya watu binafsi, wakirundikwa vyovyote, wenye mifupa ya mgongo iliyovunjika wakikunjwa kwenye viti vya nyuma. Nia ilikuwa njema na mikono ilikuwa mingi. Kilichokosekana ni ujuzi wa kumwinua mtu bila kumuumiza zaidi.

Miaka kumi na mitano baadaye msiba ulihamia magharibi mwa jiji. Jumamosi, Septemba 21, 2013, mchana, watu wenye bunduki waliingia jengo la maduka la Westgate, Westlands, na shambulio likaendelea hadi tarehe 24. Waliouawa walikuwa 67. Kituo cha jamii ya Oshwal, hatua chache tu kutoka hapo, kiligeuka mahali pa kupokelea majeruhi na walionusurika, na ambulensi za St John zilipanga foleni pamoja na za Msalaba Mwekundu na za watu binafsi. Januari 15, 2019, alasiri, ikawa zamu ya hoteli ya DusitD2, Riverside Drive, umbali mdogo kutoka Westgate, ambako watu 21 waliuawa. Waliokuwa kazini siku zote hizo mbili wanasema jambo moja: ya pili ilipangwa vizuri kuliko ya kwanza. Majeruhi waligawanywa kwa uzito wa hali zao kabla ya kupakiwa, magari yakajua yanakwenda hospitali gani. Hilo halikuja kwa bahati. Mtu alikuwa amefanya mazoezi.

Na Juni 25, 2024, vijana walipoingia Bungeni wakipinga Mswada wa Fedha na risasi zikarindima katika mitaa hiyohiyo, watoa huduma ya kwanza wa kujitolea walikimbia na machela katika moshi wa gesi. Si mbali na hapo Msikiti wa Jamia ulifungua milango yake kuwatibu majeruhi bila kuuliza dini ya mtu. Salahuddin asingeshangaa, wala Gerard.

Ncha nane za msalaba ule hufasiriwa kama zile heri nane za Mahubiri ya Mlimani, na wengine husema ni makundi manane ya lugha ambayo watawa waligawanywa kwayo. Mhudumu Mwislamu wa Nairobi anayeuvaa begani hatakiwi kuamini tafsiri yoyote kati ya hizo. Anatakiwa kujua kusimamisha damu. Upanga uliowapa watawa hawa Krak na Malta ulichukuliwa zamani, ngome zao sasa ni makumbusho, na watumwa wao hakuna anayewakumbuka kwa majina. Kilichovuka miaka 900 ni kile kilichokuwapo kabla ya upanga, yaani wodi. Kwa maoni yangu ndicho pekee kilichostahili kuvuka.

Kwa hiyo, msomaji, nikuombe mawili. Ukiwa na siku mbili za nafasi mwaka huu, kasomee huduma ya kwanza, pale St John's Gate au popote panapofundishwa karibu nawe, na umpeleke pamoja nawe dereva wa matatu au mwenye boda unayemjua. Na ukisikia king'ora nyuma yako Waiyaki Way au Ngong Road saa za jioni, sogea kando upishe ambulensi, wala usiifuate kwa nyuma ili uikwepe foleni.